Kikohozi cha Pili

“Nijazie glasi, binti, leo nife vizuri,” bibi mmoja, mwigizaji mkongwe, alimtania Doreen, fundi wa sauti, kabla taa nyekundu haijawaka. Ikishawaka, studio nzima hubana hata chafya: mchezo wa redio wa upelelezi uko hewani, London yote inasikiliza.

Bibi akaigugumia “sumu” kwa mkupuo mbele ya kipaza sauti. Akakohoa. Maandishi ya mchezo yalidai kikohozi kimoja tu. Yeye akaendelea, macho yamemtoka pima, amemng’ang’ania Doreen mkono.

Doreen akatupa jicho mezani. Jagi la maji ya kujazia glasi lilikuwa bado limejaa pomoni. Vidole vyake vilinuka spiriti ya kusafishia santuri.

“Jamani, anakufa kweli!” akapiga ukelele.

Nyuma ya kioo, mtayarishaji akatabasamu, akamwinulia kidole gumba.