Kidevu Juu ya Gitaa

"Shika vizuri, Mama Keren. Likiteleza nitakutoboa mkono."

"Toboa hilo gitaa lako la bei rahisi," alisema mke wangu. "Mkono huu bado naupenda."

Ilibidi nimsogelee ndipo nimsikie. Tangu apasuliwe koo, sauti yake ilibaki ndogo sana. Kwaya yetu ya kanisa la hapa Barking, London, ilimpa mtu mwingine kazi ya kuanzisha nyimbo, naye akaacha kwenda kanisani.

Ndani ya gitaa, chini ya nyuzi, nilikuwa nimebandika kinasa sauti bapa kama kifungo cha koti, kile kinachosikia mtikisiko wa ubao. Nilitoboa tundu kwa drili, nikapitisha waya hadi kwenye spika. Niligonga ubao kwa kucha na spika ikagonga. Nilikwaruza, ikakwaruza. Nikataka kujua inasikia nini kingine.

Nilipoinama kukaza nati ya kushikilia waya, Mama Keren alilibana gitaa kwa mikono miwili na kuegemeza kidevu juu ya ubao. Akaanza kuimba amefumba mdomo, kama afanyavyo akiosha vyombo.

Spika ikaimba. Sauti nene ya mwanamke ikajaa sebuleni.

Akainua kidevu. Sauti ikakatika.

"Nani huyo?"

"Wewe."

"Usinitanie, Baba Keren."

"Mimi na utani wapi na wapi? Rudisha kidevu."

Alipangusa vumbi la mbao kwa kiganja, akarudisha kidevu taratibu, macho yake kwenye spika.

"Hii spika," alisema, na safari hii nilimsikia kupitia hiyo spika nikiwa nimerudi nyuma hadi mlangoni, "itaingia kwenye basi la kwenda kanisani?"