Miaka Miwili ya Sa

"Mwalimu, leo nitaimba hata mstari mmoja?"

Kathure aliuliza kwa mara ya tatu, akiwa ameketi jukwaani nyuma ya mgongo wa Hansaben, pazia likiwa bado limefungwa. Kwa mara ya tatu hakujibiwa. Mwalimu wake alinyoosha sari, akasogea nyuma hadi kibuyu cha tanpura, kile kinanda kirefu cha nyuzi nne alichopakata Kathure, kikamgusa mgongoni. Hapo akatulia.

Ndivyo alivyokuwa kwa miaka miwili. Kila Jumamosi Kathure aliendesha gari kwa saa nne kutoka DeSoto hadi Stafford, huko huko Texas, akakuta mlango umeachwa wazi, akavua viatu, akaketi mkekani uso kwa uso na bibi huyu mzaliwa wa Kisumu aliyesomea uimbaji wa jadi India. Akiinamisha kichwa tu, alishikwa kidevu akainuliwa. Kisha kiganja cha Hansaben kilitua chini ya koo lake, naye akaimba Sa, sauti ya kwanza, mama wa sauti zote.

"Tena," mwalimu alisema. "Tena, binti."

Hakusifu, hakukosoa. Sauti ya pili hakuifundisha kamwe.

Kanisani Kathure ndiye aliyeongoza kwaya, na watu walifuta machozi. Kule Stafford, yeye alikuwa mtoto asiyejua kutamka. Shiru, aliyeishi naye DeSoto, alimcheka bila huruma. "Miaka miwili, noti moja? Hata kengele ya mlango iko na mbili."

Wahindi aliowalalamikia walimpa jibu lilelile: walimu wa jadi ndivyo walivyo, wanapima uvumilivu wako, ukiuliza, wananyamaza. Naye Kathure, aliyelelewa Meru kutomhoji mtu mzima, akameza. Wiki iliyopita, akiwa kwenye sinki la mwalimu anaosha vikombe, aliomba aimbe angalau mwanzo wa tamasha hili la Houston. Mwalimu aliendelea kukunja mkeka. Kathure alivunja kikombe kwa hasira, na hata hilo halikumgeuza.

Pazia likafunguka.

Hansaben alifumba macho, kama kawaida yake, akaimba. Sauti ilipanda polepole kama moshi wa ubani, ikazunguka, ikashuka na kutua pale pale ilipotakiwa, bila kukosea hata kwa upana wa unywele. Kathure alilia. Alichukia kwamba bado anaipenda sauti ile, sauti asiyokubaliwa hata kuisogelea.

Wimbo ulipokaribia kwisha, aliinama hadi sikioni mwa mwalimu.

"Baada ya leo sirudi," alisema. "Nimechoka kuwa samani yako."

Hansaben hakutikisa hata ukope. Alimaliza wimbo wake kwa Sa ndefu, tulivu, kama mtu aliyefika nyumbani.

Kathure akaziachia nyuzi. Ukumbi mzima ukasimama, watu mia tano wakipiga makofi na kuliita jina la mwalimu. Wengine walikuwa wanalia waziwazi.

Hansaben alibaki amefumba macho, amekaa wima, uso hauna habari. Mkono wake ukapapasa nyuma, ukaupata wa Kathure, ukaukamata kwa nguvu.

"Binti," alisema, "makofi yakianza, nibinye."