Kiuzi cha Nyama

Kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko, mama alimlisha bintiye supu kama anayelisha kifaranga. Ilikuwa siku ya kumi na moja tangu binti, fundi cherehani, apunguzwe tumbo kwa upasuaji hospitalini. Sharti la daktari lilikuwa moja: supu iliyochujwa, nyepesi kama maji, mpaka mwezi uishe.

"Kitendawili!" mama alichangamka.

"Tega."

"Mfuko wangu mpya haujazwi ila kwa kijiko."

"Tumbo langu, mama."

"Hewaa! Haya meza tena, fundi wangu. Unajitahidi, hata uso umenawiri."

Binti akacheka, akameza. Kitu kikabaki nyuma ya ulimi. Akatia vidole, akakivuta polepole. Kilikuwa kiuzi cha nyama, cheupe, kirefu kama sindano.

"Mama, nini hiki?"

Mama akatazama dirishani. "Ni kidogo tu, mwanangu. Nimeitwanga mpaka ikalainika. Mtu mzima ataishije kwa maji? Mbona unaila tangu Jumatatu na hujadhurika?"

"Tangu Jumatatu?"

"Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

Tangu Jumanne bega la kushoto la binti lilikuwa likimuuma, akadhani amelilalia vibaya. Nesi alikuwa amemwonya: bega hilo likiuma, moyo ukienda mbio, huenda mshono wa tumbo unavuja, usingoje hata saa moja, rudi hospitalini.

Akaweka kiganja kifuani. Moyo ulikuwa ukidunda kama cherehani iliyokanyagwa kwa pupa.

"Mama, niletee viatu."

"Viatu vya nini, nawe hujamaliza?" akasema mama, na kuinua kijiko kingine.