Mlango wa Jikoni

Kaka hautaki mchezo huu wa video wa polisi, eti ukimpiga risasi mtu aliyesalimu amri unanyang'anywa pointi zote. Mimi naupendea hilohilo.

Jana baba, askari mstaafu, aliomba kujaribu. Alipofungua mlango wa jikoni kwenye skrini, jambazi akamgeukia na bastola mkononi.

"Piga, baba, unangoja nini?" kaka akamhimiza.

Kidole cha baba kilikuwa juu ya kitufe cha risasi, kisha kikahamia kitufe cha amri. Sauti ikatoka: "Weka silaha chini." Jambazi akaiweka taratibu, akapiga magoti.

Baba alijifuta viganja kwenye suruali.

"Waliotengeneza mchezo huu wanaijua kazi," akasema.

Kisha, bila kututazama: "Hebu nirudishe pale mlangoni. Nimwone tena akiiweka chini. Yule wangu wa kweli sikumngoja."