Boneti ya Moto

"Gari bovu, mama. Halijawaka tangu juzi," Rafaeli alisema, na yule bibi aliyekuja kuomba gari, kwa uchovu, akaegemea boneti.

Viganja vyake vikatulia pale. Boneti ilikuwa ya moto.

Nyuma yake wanaume wanne walikuwa wameitua machela iliyombeba binti yake, aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua tangu alfajiri. Walitoka Milanzi kwa miguu. Baridi ya Julai ilikata vidole, na hospitali ilikuwa bado mbali.

Rafaeli alilinunua shangingi hilo kuukuu mwaka ule biashara ya mahindi ilipoachiwa watu binafsi. Viti vyake vilikuwa vya ngozi nyeupe, na kila jioni alivifuta mwenyewe kwa kitambaa kilicholoweshwa maziwa. Viti hivyo ndivyo alivyoviwaza alipoiona damu kwenye kanga ya yule binti.

Bibi hakumtazama usoni. Aliwageukia wale wanaume, akasema kwa upole, "Njooni mpashe mikono, wanangu. Hapa pana joto."

Wakaja, wakaweka viganja juu ya boneti.

"Hili bovu lina homa," mmoja akaguna.

"Haya, tuendelee," bibi aliwaambia, kisha akamgeukia Rafaeli. "Ila utuombee kwanza, mwenyekiti wa jumuiya."

Wakavua kofia, wakainamisha vichwa, wakamngoja aanze kwa ishara ya msalaba.

Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni, umeufumbata ufunguo wa gari.