Mtaalamu wa Kunusa Upinde

Alexis aliuinua upinde hadi puani, akafumba macho, akaunusa taratibu kuanzia kapi la juu, kile kigurudumu cha kupitishia uzi, hadi kapi la chini. Mteja wake, daktari wa meno aliyekuwa akienda kuwinda tandala wikiendi ile, alivua kofia kama aliyeingia kanisani.

"Huu," Alexis akasema. Daktari akalipa bila kuuliza zaidi.

Ukweli ni kwamba upinde ule ulinuka plastiki, kama pinde nyingine zote dukani. Alexis alikuwa mwalimu wa hesabu mjini Bukavu, na msitu aliuona mara moja tu, tena kupitia dirisha la basi. Alipokuja Johannesburg alianzia getini, akililinda duka hilo la vifaa vya uwindaji karibu na mtaa wa La Rochelle, mvua yake, jua lake. Siku moja mwaka 2017 mwenye duka, Kobus, akamuuliza ametoka wapi. Aliposikia Kongo, macho yalimng'aa. Wiki hiyohiyo Alexis akaingizwa ndani, akavishwa shanga shingoni, na mlangoni likabandikwa tangazo la kuwaita watu waje kuchaguliwa upinde na mwindaji wa msituni.

Mwanzoni alijaribu kuifanya kazi kwa haki. Alisoma vijitabu vyote vya maelezo, akajifunza kumpima mteja mikono akiwa ameinyoosha pande zote mbili, kisha kugawa urefu huo kwa mbili na nusu ili kujua uzi uvutwe mpaka wapi. Akawaeleza wateja hesabu hizo, nao wakapiga miayo. Alipoacha hesabu na kuanza kunusa, wakapanga foleni. Binadamu wana mambo.

Basi Alhamisi moja Kobus akamletea mtihani. Shamba fulani la wanyama huko Limpopo lilikuwa limempata Mhadzabe halisi, wa lile kabila la wawindaji wa pinde kutoka Tanzania, awafundishe watalii kuwinda, na lilitaka achaguliwe upinde wa kisasa hapo dukani. Kobus akaona bahati imemjia. Angemuuliza mtu huyo kama Alexis ni mwindaji kweli.

"Akisema ndiyo, nitaweka picha yako kwenye bango la barabarani," alimwambia. "Akisema hapana, kesho unarudi getini."

Alexis alimfikiria mkewe, Thérèse, aliyekwisha kuwatangazia wateja wote wa saluni yake ya mtaa wa Yeoville kwamba mumewe ni meneja. Akaziweka sawa shanga zake shingoni.

Mhadzabe alifika mchana huo na ngozi begani na manyoya kichwani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hilo lilimtisha Alexis zaidi. Kobus alisimama kaunta, mikono kifuani, akiwatazama.

Alexis akamuuliza kwa Kiingereza, ili Kobus naye aelewe, huvuta uzi kwa mkono upi.

"Wewe unaonaje?" mgeni akajibu.

Akamuuliza hupenda kumpiga mnyama kutoka umbali gani. Mgeni akatabasamu, akamrudishia swali lilelile. Alexis aliijua vizuri mbinu hiyo. Yeye mwenyewe ndivyo alivyokuwa akiwabana wanafunzi waliokuja darasani bila kusoma. Akampima mikono, akanusa pinde tatu huku jasho likimtiririka, akamkabidhi wa nne.

Mgeni akauvuta uzi mpaka mwisho, bila mshale, akawa anataka kuuachia. Upinde wa aina hiyo ukiachiwa mtupu huweza kupasuka vipande, na kipande kimoja chatosha kumtoa mtu jicho.

"Weye, usiachie!" Alexis akapiga kelele kwa Kiswahili, akamdaka mkono.

Mgeni akamkazia macho. Kisha akaurudisha uzi polepole.

"Nilikuwa nakupima," akasema kwa Kiingereza.

Alexis akajua amekwisha. Mwindaji gani hupiga kelele namna ile, kama anayemkemea mtoto wa darasa la tatu? Aliona haya, akashikwa na hasira pia, maana upinde wenyewe alikuwa amemchagulia sawasawa.

Kobus hakungoja zaidi. Akauliza kutoka kaunta: huyu ni mwindaji, au si mwindaji?

Mgeni aliinua kidole kuomba dakika moja, akamshika Alexis mkono, akamvuta hadi nyuma ya rafu ya mabuti, mahali ambapo Kobus hakuweza kuwaona. Alexis akaanza kupanga maneno ya kumwomba huruma. Angemweleza habari za Thérèse, za geti, za mvua.

Kabla hajafungua mdomo, mgeni alivua manyoya yake kichwani, akamsogelea sikioni.

"Kaka, nisitiri," akanong'ona kwa Kiswahili cha Tanga. "Mimi ni kinyozi tu. Hivi mshale wenyewe unakaa upande gani?"