Vioo vya Kuosha

Mpima makohozi aliinamia hadubini, akatazama tena. Kioo hiki hakikupakwa makohozi ya mtu yeyote. Alikitoa kwenye beseni la vioo vilivyooshwa vitumike tena, maana vipya viliisha zamani, akakitia rangi ya kuonyesha vijidudu kwa kujaribu tu.

Vijidudu vyekundu vya kifua kikuu vilikuwa vimejilaza pale kama wenye nyumba.

Basi wote aliowaambia wanaumwa, nani alikuwa mgonjwa kweli, na nani alibebeshwa ugonjwa wa mwenzake?

“Dada, majibu ya mwanangu tayari?” mama mmoja aliuliza dirishani. Nyuma yake foleni ilikohoa hadi getini.

“Bado, mama. Vumilia kidogo.”

Akachukua kioo kingine kutoka beseni lile lile, akakipangusa kwa pindo la koti lake, ili akipake makohozi ya mwana wa yule mama.